Miaka 52 iliyorukwa katika historia ya atomu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu kuhusu makala iliyochapishwa hivi karibuni katika ukurasa wa wanafunzi, iliyoeleza jinsi nadharia ya atomu ilivyokua tangu enzi za Wagiriki hadi karne iliyopita. Nimefundisha kemia katika shule za sekondari za mkoa huu wa Tanga kwa miaka 31, na mjukuu wangu aliye kidato cha pili ndiye aliyeniletea gazeti hilo, akiwa amezipigia mstari sentensi mbili ambazo alitaka kuzinakili katika daftari lake. Ya kwanza ilisema kwamba John Dalton aligundua atomu mwaka 1808 na akaonyesha kuwa maji ni H2O. Ya pili ilisema kwamba baadaye nadharia yake ilionekana kuwa na makosa kwa sababu atomu inagawanyika. Nilimwomba asubiri kidogo, kwa kuwa ya kwanza si kweli, na ya pili, ijapokuwa ina ukweli ndani yake, imewekwa kwa namna inayomnyima mtoto jambo lenyewe alilopaswa kulielewa.

Nashukuru kwamba gazeti lako bado linatenga ukurasa mzima kwa ajili ya sayansi kwa Kiswahili, na ni kwa sababu hiyo ninaandika. Ukurasa huo unasomwa na watoto ambao hawana kitabu kingine nyumbani, na kinachochapishwa humo ndicho kinachoingia kwenye madaftari.

Makala ilianza na Democritus wa Abdera, aliyeishi karne ya 5 kabla ya Kristo, kisha ikaruka moja kwa moja hadi kwa Dalton, kana kwamba wazo la yule wa kwanza lilihifadhiwa mahali kwa zaidi ya miaka 2,000 likisubiri wa pili aje alichukue. Democritus alifikiri vizuri, lakini hakupima chochote, na mtu aliyepinga mawazo yake, kama alivyofanya Aristotle, hakuwa na sababu yoyote ya kushindwa katika mabishano hayo. Kilichobadilisha mambo ni mizani. Antoine Lavoisier wa Ufaransa, aliyechapisha kitabu chake cha misingi ya kemia mwaka 1789, aliwazoesha wanakemia kupima kila kinachoingia katika chombo na kila kinachotoka, ikiwa ni pamoja na hewa, na kuona kwamba jumla haipungui wala haizidi. Jina lake halimo kabisa katika makala, na bila yeye Dalton hawezi kueleweka.

Hapa Tanga tuna bahati ya kuishi juu ya somo hili. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji katika mawe ya chokaa, kuta za magofu ya Tongoni zimejengwa kwa matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na wapo hadi leo watu wanaojua kupanga mawe juu ya magogo na kuyachoma usiku kucha hadi yageuke meupe na mepesi. Zamani nilikuwa nikiwachukua wanafunzi wangu hadi kwenye tanuri moja nje ya mji. Tulichagua jiwe safi, tukalipima kwa mizani ya maabara, tukalifunga kwa waya mnene ili tusilipoteze, na tukamwomba mchomaji aliweke katikati ya tanuri lake. Jiwe moja nalikumbuka vizuri kwa sababu wanafunzi waliandika uzito wake ukutani kwa makaa: gramu 250. Tulipolipokea siku ya pili likiwa limepoa, tulilitia katika kopo lenye kifuniko lisinywe unyevu wa hewa ya pwani, tukalipima tena, nalo likaonyesha gramu 143. Lilikuwa na umbo lile lile na ukubwa karibu ule ule, lakini mkononi lilikuwa kama kitu kilichotolewa roho.

Tulirudia kwa jiwe kubwa na kwa jiwe dogo, na kwa jiwe lililotoka sehemu nyingine ya wilaya. Kila mara hesabu ilikuja karibu na pale pale: katika kila gramu 100 za jiwe safi la chokaa, gramu 56 hubaki na gramu 44 huondoka zikiwa gesi ya kaboni dayoksaidi. Tofauti ndogo tulizopata zilitokana na uchafu uliokuwamo katika mawe. Mwanafunzi akishayaona hayo kwa macho yake, huuliza mwenyewe swali ambalo mwalimu hana haja ya kulipanda: kwa nini isiwe 50 kwa 50 leo na 60 kwa 40 kesho?

Swali hilo ndilo lililowagombanisha Wafaransa wawili, Joseph Proust, aliyekuwa akifanya kazi Hispania, na Claude Berthollet, kwa karibu miaka minane mwanzoni mwa karne ya 19. Proust alishikilia kwamba kila kampaundi, yaani kitu kilichotokana na elementi mbili au zaidi zilizoungana kikemia, ina uwiano wake wa uzito usiobadilika, iwe imetoka ardhini au maabara. Berthollet alisema uwiano unaweza kubadilika kulingana na kiasi cha vitu vilivyowekwa pamoja. Ni vyema wanafunzi wajue kwamba Berthollet hakuwa mjinga. Alikuwa amefika Misri mwaka 1798 akaona pembezoni mwa maziwa ya chumvi magadi yaliyojitengeneza yenyewe kutokana na chumvi na mawe ya chokaa, kinyume kabisa cha mmenyuko uliozoeleka maabara, na akatambua kwa usahihi kwamba wingi wa vitu huathiri mwelekeo wa mmenyuko. Kosa lake lilikuwa kuhesabu michanganyiko, kama vile metali zilizoyeyushwa pamoja na vioo, kuwa ni kampaundi. Proust alishinda, lakini hakuweza kueleza kwa nini uwiano haubadiliki.

Maelezo hayo ndiyo aliyoyaleta Dalton. Alikuwa mwalimu kama sisi, akifundisha hisabati na sayansi mjini Manchester, na tangu mwaka 1787 hadi mwaka aliofariki, 1844, alikuwa akiandika hali ya hewa ya kila siku. Kilichomsumbua kwanza kilikuwa hewa tunayovuta. Ikiwa oksijeni ni nzito kuliko naitrojeni, kwa nini haitui chini kama mchanga katika mtungi? Akitafuta jibu la swali hilo alifika kwenye wazo kwamba gesi zimefanywa kwa chembe zenye ukubwa na uzito tofauti, na tarehe 21 Oktoba 1803 aliwasomea wenzake wa chama cha kitaaluma cha Manchester karatasi iliyohusiana na orodha yake ya kwanza ya uzito wa chembe hizo. Mwaka 1808 uliotajwa na makala ni mwaka wa kitabu. Kwa hiyo Dalton hakugundua atomu, kwa maana ya kuiona au kuithibitisha. Alichofanya, ambacho kwangu ni kikubwa zaidi, ni kuipa atomu uzito, na tangu hapo ikawezekana kumwuliza maswali na kumkamata akikosea.

Hoja yake inaonekana vizuri katika gesi mbili ambazo kila nyumba inazijua. Ipo gesi inayotoka katika jiko la mkaa lisilopata hewa ya kutosha, inayowaua watu waliolala wakiwa wamefunga madirisha, na ipo ile inayotoa mapovu katika soda. Zote mbili ni kaboni na oksijeni. Katika ya kwanza, kaboni monoksaidi, gramu 12 za kaboni zimeshikana na gramu 16 za oksijeni. Katika ya pili, kaboni dayoksaidi, gramu 12 zile zile zimeshikana na gramu 32, yaani mara mbili kamili. Hakuna gesi ya kaboni na oksijeni yenye gramu 19 wala 27. Kama oksijeni ingekuwa kitu laini kinachokatika popote kama uji, tungetarajia kuzipata zote za katikati. Inaruka kutoka 16 hadi 32 kwa sababu inaongezwa kwa chembe nzima nzima, na huwezi kuongeza nusu chembe.

Sasa nije kwenye maji, ambako makala ilikosea. Dalton hakuandika H2O. Alama za herufi tunazotumia zililetwa na Jöns Jacob Berzelius wa Sweden kuanzia mwaka 1813. Dalton alitumia viduara, na duara la maji alilichora likiwa na haidrojeni moja na oksijeni moja. Kwa lugha yetu ya leo, aliandika HO. Uzito wa atomu ya oksijeni katika kitabu chake, haidrojeni ikihesabiwa kuwa 1, ni 7, na vipimo bora vilivyofuata viliusogeza hadi 8.

Mtoto anaweza kushangaa jinsi mtu mwenye mizani anavyoweza kukosea jambo hilo, na jibu linapatikana soko la Mgandini. Tuseme muuzaji anakuuzia vikapu vya nazi na machungwa ya Muheza, na kila kikapu ukikipima unakuta kilo mbili za nazi na kilo moja ya machungwa. Je, nazi moja ina uzito mara ngapi ya chungwa moja? Ukidhani kwamba idadi yake ni sawa, utasema mara mbili. Lakini ikiwa kila nazi imewekwa pamoja na machungwa mawili, basi nazi ni mara nne ya chungwa. Mizani haiwezi kukuambia lolote zaidi mpaka mtu afunue kikapu na kuhesabu. Dalton alijua kwa kupima kwamba maji yana oksijeni takriban mara saba ya haidrojeni kwa uzito, lakini hakuwa na namna ya kufunua kikapu. Akajiwekea kanuni kwamba kama elementi mbili zina kampaundi moja tu inayojulikana, basi ichukuliwe kuwa ni moja kwa moja. Ilikuwa kanuni ya mtu aliyetaka kuanza kazi, na haikuwa na ushahidi.

Njia ya kuhesabu ilikuja mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1808, na haikutoka kwa Dalton. Joseph Gay-Lussac alionyesha kwamba lita mbili za haidrojeni huungana na lita moja ya oksijeni, na kutoa lita mbili za mvuke wa maji. Ikiwa lita moja ya gesi yoyote, katika joto lile lile na mgandamizo ule ule, ina chembe zenye idadi ile ile, basi kikapu kimefunuliwa: haidrojeni ni mbili na oksijeni ni moja. Dalton alikataa, na sababu zake zilikuwa nzito. Lita moja ya oksijeni ikizaa lita mbili za mvuke, kila chembe ya oksijeni lazima ikatwe vipande viwili, na yeye alikuwa ametangaza kwamba chembe haikatiki. Zaidi ya hayo, mvuke wa maji ni mwepesi kuliko oksijeni. Inawezekanaje chembe iliyoongezewa haidrojeni iwe nyepesi kuliko ilivyokuwa kabla ya kuongezewa?

Amedeo Avogadro, mwalimu katika mji wa Vercelli nchini Italia, alijibu yote mawili mwaka 1811. Chembe ya gesi ya oksijeni, alisema, si lazima iwe atomu moja. Inaweza kuwa atomu mbili zilizoshikana, ambazo huachana zinapoungana na haidrojeni, kila moja ikaenda katika chembe yake ya maji. Kinachogawanyika ni molekuli, na atomu inabaki nzima. Na mvuke ni mwepesi kwa sababu molekuli yake imebeba atomu moja tu ya oksijeni, wakati molekuli ya oksijeni inabeba mbili. Nimeisoma hoja hiyo na kuifundisha miaka mingi, na bado naiona kuwa miongoni mwa hoja safi kuliko zote katika kemia nzima.

Karibu hakuna aliyeisikiliza. Berzelius, ambaye neno lake lilikuwa na uzito Ulaya nzima, aliamini kwamba atomu hushikana kwa sababu moja ina chaji chanya na nyingine hasi, hivyo atomu mbili za oksijeni zisingeweza kushikana. Matokeo yake ni kwamba kwa karibu nusu karne wanakemia walikuwa wakiandikiana bila kuelewana. Mmoja aliandika kaboni kuwa 6, mwingine 12. Mmoja aliandika oksijeni kuwa 8, mwingine 16. Na hapakuwa na mahakama ya kuwaamua. August Kekulé, katika kitabu chake cha mwaka 1861, alikusanya fomula 19 tofauti zilizokuwa zimependekezwa kwa ajili ya asidi iliyomo ndani ya siki, ile ile tunayotia kwenye kachumbari.

Mwezi Septemba mwaka 1860, zaidi ya wanakemia 120 walikutana kwa siku tatu mjini Karlsruhe, Ujerumani, ili kujaribu kuyamaliza mabishano hayo. Mkutano wenyewe haukufikia uamuzi. Lakini wajumbe walipokuwa wakiondoka, waligawiwa kijitabu cha Stanislao Cannizzaro, Mwitalia aliyekuwa akifundisha Genoa, ambacho alikuwa amekichapisha mwaka 1858 kueleza jinsi alivyokuwa akiwafundisha wanafunzi wake. Alifufua wazo la Avogadro, kisha akalitumia kwa utaratibu ambao mtoto wa kidato cha pili anaweza kuufuata. Lita moja ya haidrojeni na lita moja ya klorini hutoa lita mbili za gesi mpya, kwa hiyo molekuli ya haidrojeni imegawanyika mara mbili. Basi tuipe uzito wa 2. Kisha tupime gesi nyingine za ujazo ule ule kwa kulinganisha na hiyo. Kaboni monoksaidi ina uzito wa 28, na kaboni ndani yake ni 12. Kaboni dayoksaidi ni 44, na kaboni ni 12. Methani ni 16, na kaboni ni 12. Ethilini ni 28, na kaboni ni 24. Haionekani 6 popote, wala 18. Kwa oksijeni ni vivyo hivyo: katika mvuke wa maji, wenye uzito wa 18, oksijeni ni 16, katika kaboni monoksaidi ni 16, katika kaboni dayoksaidi ni 32, na 8 haimo katika gesi yoyote. Maji yamebakiwa na haidrojeni 2. Hapo ndipo H2O ilipopatikana kwa haki, miaka 52 baada ya kitabu cha Dalton.

Mrusi mmoja kijana aliyehudhuria mkutano huo, Dmitri Mendeleev, alirudi kwao akiwa na uzito sahihi wa atomu, na mwaka 1869 alipanga elementi kwa kufuata uzito huo, akaacha nafasi tupu kwa zile ambazo hazikuwa zimepatikana. Galiamu ilijaza nafasi moja mwaka 1875 na jemaniamu nyingine mwaka 1886. Kwa uzito wa zamani, jedwali linaloning'inia katika kila maabara ya shule zetu lisingeweza kupangika.

Sehemu iliyobaki ya makala, kuhusu elektroni ya J. J. Thomson mwaka 1897, kiini cha Ernest Rutherford mwaka 1911 na neutroni ya James Chadwick mwaka 1932, ilielezwa vizuri, nami sina la kuongeza ila moja. Vipimo vilivyomfikisha Rutherford kwenye kiini vilifanywa mwaka 1909 mjini Manchester, mji ule ule wa Dalton, na mmoja kati ya wawili walioketi gizani wakihesabu vimulimuli vya chembe zilizorudishwa nyuma na bamba la metali alikuwa Ernest Marsden, mwanafunzi wa miaka 20. Wasomaji wa ukurasa ule wangependa kulijua hilo.

Ndipo narudi kwenye sentensi ya pili, kwamba Dalton alikosea kwa sababu atomu inagawanyika. Ni kweli kwamba atomu ina sehemu ndani yake, na ni kweli kwamba atomu za elementi moja zinaweza kutofautiana uzito, kama Frederick Soddy alivyoeleza mwaka 1913 alipozipa jina la isotopu. Klorini tunayoiandika 35.5 ni mchanganyiko wa atomu za 35 na za 37. Lakini katika tanuri la chokaa, katika jiko la mkaa, katika siki na katika tumbo la binadamu, viini vya atomu havivunjwi na mmenyuko wowote wa kikemia, na hesabu ya 56 na 44 inabaki pale pale. Mtoto aliyeandika "atomu inagawanyika" bila kuelezwa hivyo atashindwa kufahamu kwa nini tunasawazisha milinganyo ya kemia, na nimewaona wengi wakifika kidato cha nne wakiwa wamekwama hapo, wakikariri namba za mbele bila kujua zinahesabu nini. Kosa la Dalton lililoigharimu kemia muda mrefu kuliko yote lilikuwa lile la kuhesabu, la moja kwa moja, na hilo ndilo makala ililolificha kwa kumpa H2O ambayo hakuwa nayo.

Ninaomba mambo mawili. Kwanza, sentensi ile ya H2O isahihishwe katika ukurasa ule ule wa wanafunzi, siku ile ile ya wiki, ili waliokwisha kuinakili wapate kuifuta. Pili, ikiwezekana, uchapishe jedwali dogo la gesi tano nilizozitaja, yaani mvuke wa maji, kaboni monoksaidi, kaboni dayoksaidi, methani na ethilini, pamoja na uzito wa kila moja na uzito wa kila elementi iliyomo, bila kuweka fomula, na uwaache wasomaji wazitafute wenyewe kwa njia ya Cannizzaro. Niko tayari kuliandaa jedwali hilo na kupitia majibu yatakayoletwa. Mjukuu wangu amelifanyia kazi jioni mbili, ameshapata nne, na ethilini bado inamsumbua.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Chumbageni, Tanga.